Mwaustralia wa Kwenye Tangazo na Mwaustralia wa Kwenye Treni

Mwaka 1984 mchekeshaji Paul Hogan alionekana kwenye televisheni za Marekani akiwakaribisha watazamaji waitembelee Australia, na akawaahidi kwamba wakifika atawaongezea kamba mmoja wa baharini juu ya jiko la kuchomea nyama. Tangazo hilo la utalii lilipata umaarufu mkubwa, na maneno yake yakageuka kuwa salamu ambayo Mwaustralia anayesafiri nje husalimiwa nayo hadi leo, apende asipende. Lina kasoro moja: Hogan alitumia neno «shrimp», nalo ni neno la Wamarekani. Waaustralia kamba humwita «prawn». Tangazo lililokusudiwa kumwonyesha Mwaustralia halisi lilianza kwa kumnyang'anya neno lake, kwa kuwa wanunuzi wa tiketi za ndege walikuwa Marekani na ilibidi waelewe haraka.

Miaka miwili baadaye Hogan huyo huyo aliigiza katika «Crocodile Dundee», filamu ya mwinda mamba kutoka nyika ya kaskazini anayejikuta katikati ya jiji la New York akiwa na kisu chake kikubwa. Filamu hiyo iliingiza fedha nyingi kupita filamu zote za Australia zilizoitangulia, na ikawa ndiyo Australia pekee ambayo mamilioni ya watu wa nchi nyingine waliwahi kuiona. Hogan mwenyewe ni mtu wa Sydney, na kabla ya kuingia kwenye televisheni alikuwa akifanya kazi ya vyuma kwenye daraja kubwa la bandari ya jiji hilo. Bia ya Foster's nayo ilitangazwa Uingereza na Marekani kama ndiyo bia ya Waaustralia, ilhali kwao ni wachache wanaoiagiza baa. Mtindo huo haujaisha. Mwaka 2018 mamlaka ya utalii ilirusha wakati wa fainali ya mpira wa Marekani tangazo lililojifanya kionjo cha filamu mpya ya Dundee, na mwaka 2022 ikaja na kampeni nyingine inayoongozwa na kangaruu wa katuni.

Kwa hiyo anayetaka kutenganisha taswira ya Australia na maisha ya Australia aepuke kwanza kudhani kwamba taswira hiyo ilibuniwa na wageni wasioijua nchi. Waaustralia wenyewe waliichora, wakaiuza, na hadi leo huivaa inapowafaa na kuivua inapowakera. Ndiyo sababu ni vigumu kuitegua: ndani yake mna uongo wa kibiashara, mna utani wa makusudi, na mna ukweli kidogo uliokuzwa.

Tuanze na mahali watu wanapoishi. Australia ina takriban kilomita za mraba milioni 7.7, yaani karibu mara nane ya Tanzania, lakini watu wake ni kama milioni 27, pungufu ya nusu ya Watanzania. Mtu akisikia takwimu hizo huwaza familia moja moja zilizotawanyika kwenye nchi kavu yenye vumbi jekundu. Hali ni kinyume kabisa. Zaidi ya watu wanane katika kila kumi wanaishi ndani ya kilomita 50 kutoka baharini, na majiji mawili tu, Sydney na Melbourne, yenye zaidi ya watu milioni tano kila moja, yamebeba karibu asilimia 40 ya wananchi wote. Nyika ya ndani, ile inayoitwa «outback», wengi wao huijua kwa picha kama sisi tunavyoijua, na wapo wanaozeeka bila kukanyaga huko. Sekta inayoajiri watu wengi kuliko zote ni afya na huduma za jamii. Machimbo ya chuma na makaa ya mawe yanaleta fedha nyingi za kigeni lakini yanaajiri sehemu ndogo ya wafanyakazi, na kilimo nacho kinaajiri watu wachache. Ukimtafuta Mwaustralia wa kawaida, mtafute muuguzi anayepanda treni ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi kutoka kiunga cha mbali, anayelipa mkopo wa nyumba kwa miaka thelathini, na ambaye mazungumzo yake ya mchana hayakosi bei za nyumba.

Kuna jiji moja ambako taswira na ukweli hukutana, nalo ni Canberra, makao makuu ya serikali, jiji ambalo Waaustralia wenyewe hulidharau kwa kuwa na watumishi wa umma wengi na starehe chache. Huko kangaruu wanashuka kweli kutoka vilima vya hifadhi hadi kwenye viwanja vya mitaa, na madereva huwaogopa usiku kama madereva wetu wanavyoogopa ng'ombe barabarani.

Maneno na kiwanda chake

Misimu ya Kiingereza cha Australia ni ya kale kuliko matangazo hayo. Kati ya mwaka 1788 na 1868 Uingereza ilisafirisha huko wafungwa zaidi ya 160,000, wengi wao kutoka mitaa ya kimaskini ya London na miji mingine pamoja na Ireland. Walikuja na lugha yao ya kuficha mambo, na ilikuwa nzito kiasi kwamba mwaka 1812 mfungwa mmoja aitwaye James Hardy Vaux, aliyepelekwa kufanya kazi ngumu Newcastle, kaskazini ya Sydney, aliandika faharasa ya maneno ya wezi na kuitabaruku kwa mkuu wa kituo hicho, kwa hoja kwamba ingemsaidia katika kazi yake ya uhakimu. Faharasa hiyo ilichapishwa London mwaka 1819, nayo huhesabiwa kuwa kamusi ya kwanza kuandikwa katika ardhi ya Australia.

Hata hivyo tusilibebeshe jambo la wafungwa uzito kupita kiasi. Dhahabu ilipogunduliwa mwaka 1851, makoloni hayo yalikuwa na watu kama 430,000 bila kuhesabu wenyeji wa asili. Miaka kumi baadaye walikuwa zaidi ya milioni moja na laki moja. Watu waliokuja kwa nauli yao kutafuta utajiri waliwafunika wafungwa kwa idadi. Utani wa kwamba kila Mwaustralia ni mjukuu wa mwizi, ambao Waingereza hawachoki kuutoa wakati wa mechi za kriketi, haulingani na hesabu.

Kinachoipa lugha hiyo sura yake ya leo zaidi ya maneno ya wafungwa ni namna inavyotengeneza maneno mapya. Neno hukatwa, mara nyingi ikabaki silabi ya mwanzo, kisha huongezewa mwisho wa «-o» au «-ie». Alasiri huwa «arvo». Kituo cha mafuta ni «servo», duka la pombe ni «bottle-o», mzoa taka ni «garbo», mhudumu wa gari la wagonjwa ni «ambo», askari wa zimamoto ni «firie», mpeleka barua ni «postie», fundi wa umeme au bomba au useremala ni «tradie», kifungua kinywa ni «brekkie», miwani ya jua ni «sunnies», mbu ni «mozzie», na mapumziko ya kazini, hata kwa wasiovuta sigara, ni «smoko». McDonald's huitwa «Macca's», na mwaka 2013 kampuni hiyo iliamua kubadilisha vibao vya baadhi ya migahawa yake nchini humo ili visomeke hivyo hivyo.

Msomaji akiyatazama maneno hayo kwa makini ataona kwamba hakuna mamba wala kisu ndani yake. Ni lugha ya zamu za kazi, ya magari, ya manunuzi na ya huduma za mjini. Misimu inayouzwa kwenye fulana za watalii ni ya aina nyingine, na sehemu kubwa yake imekufa au inakufa. «Cobber» kwa maana ya rafiki, «bonzer» kwa maana ya kitu kizuri na «strewth» kama tamko la mshangao ni maneno ambayo kijana wa Melbourne huyasikia kwa wazee na kwenye tamthilia za televisheni. «Crikey» lilibaki hai duniani kwa sababu ya Steve Irwin, mtangazaji wa wanyama aliyeuawa na samaki aina ya taa mwaka 2006, na tangu hapo anayelitamka ni kama anamwigiza. «Fair dinkum», lenye maana ya kitu cha kweli kisicho na hila, linasikika zaidi midomoni mwa wanasiasa, na kwa maoni yangu mwanasiasa akianza kulitumia mara kwa mara ni dalili kwamba uchaguzi umekaribia. Maneno ya mtaani yasiyo na mvuto wa kitalii ndiyo yaliyodumu.

Wengi husema kwamba Waaustralia wanafupisha maneno kwa uvivu, au, kama ulivyo mzaha wa zamani, ili wasifungue midomo nzi wakaingia. Maelezo hayo hayasimami, kwa sababu baadhi ya vifupisho ni virefu kuliko neno lenyewe: mtu aitwaye John huitwa «Johnno», na Tom huwa «Tommo». Kazi ya mwisho ule ni ya kijamii. Unapomwita askari wa zimamoto «firie» unaishusha heshima ya cheo chake hadi usawa wa meza ya jikoni, naye hachukii, kwa sababu kushushwa huko ndiko kukaribishwa. Unamwambia kwamba wewe na yeye ni watu wa kawaida mnaozungumza jambo la kawaida. Kwa Mwafrika Mashariki aliyelelewa kwamba heshima huonyeshwa kwa kumpandisha mtu, kwa shikamoo, kwa mzee, kwa mwalimu, kwa mheshimiwa, utaratibu huu wa kuonyesha ukarimu kwa kuwashusha watu wote kwa pamoja ni mgumu kuuzoea kuliko lafudhi. Mwanafunzi kutoka Nairobi au Dodoma anayemwita msimamizi wake wa uzamivu «Profesa» kila siku anaweza kuombwa, kwa upole wenye aibu kidogo, amwite kwa jina lake la kwanza. Akikataa kwa adabu, mwenzake huona kwamba anawekwa mbali.

Mitego halisi

Maneno mageni hayamsumbui mgeni kwa muda mrefu, kwa kuwa huulizia maana na kuambiwa. Yanayomsumbua ni yale anayodhani anayajua. Mfano unaosimuliwa na wahamiaji wa kila kizazi, kuanzia Wagiriki na Waitalia waliofika baada ya Vita Kuu ya Pili, ni wa kuambiwa kwamba kwenye sherehe kila mtu aje na sahani, «bring a plate». Familia hufika na sahani tupu zilizosuguliwa vizuri, ikidhani mwenyeji amepungukiwa vyombo. Maana yake ni kwamba kila mgeni alete chakula. Vivyo hivyo kualikwa «tea» jioni katika baadhi ya familia ni kualikwa chakula cha usiku, na ukifika umeshiba utamkwaza mwenyeji. Neno «thongs», ambalo Marekani na Uingereza ni nguo ya ndani, Australia ni ndala. Na mtu akikuambia kwamba ni zamu yako ya «shout», hakutaki upaze sauti. Anakukumbusha kwamba wenzako wameshanunua vinywaji kwa zamu na wewe hujanunua. Kukwepa zamu hiyo ni kosa la kijamii ambalo huwa halisemwi usoni wala halisahauliki.

Ugumu unazidi pale ambapo maneno hupunguza kile yanachokisema. Msimamizi akisoma kazi yako na kusema «not bad», amekusifu sana. Mtu akijibu «yeah, nah», kwa kawaida amekataa, ila ameonyesha kwanza kwamba amekusikia. «She'll be right» ni kauli ya kwamba mambo yatakaa sawa. Inatuliza, lakini fundi akiitamka huku anatazama bomba linalovuja, mwenye nyumba ana haki ya kuwa na wasiwasi.

Kisha kuna «mate». Kwenye matangazo ni neno la undugu wa wanaume waliopigana vita bega kwa bega, na siasa imelitukuza hivyo. Mwaka 1999 Waziri Mkuu John Howard alitoa rasimu ya utangulizi wa Katiba iliyotaja fadhila hiyo ya urafiki, lakini ikaondolewa baada ya kukosolewa, na utangulizi wenyewe, hata bila neno hilo, ukakataliwa na wapiga kura mwaka huo huo. Mwaka 2005 walinzi wa Bunge mjini Canberra waliamriwa waache kuwaita wabunge na wageni kwa neno hilo; wanasiasa wa pande zote walikuja juu na amri ikalegezwa mara moja. Katika matumizi ya kila siku neno hilo halina utakatifu huo. Humwita rafiki, humwita mtu ambaye jina lake umelisahau, na likitamkwa kwa sauti kavu mwanzoni mwa sentensi humwonya mtu aliyekukata barabarani. Anayesikiliza neno bila kusikiliza sauti atakosea.

Muasi anayevaa helmeti

Taswira inayopendwa zaidi na Waaustralia wenyewe ni ya mtu asiyeogopa wakubwa, mtundu mwenye moyo mwema wanayemwita «larrikin». Neno hilo katika karne ya 19 lilikuwa tusi kwa vijana wahuni wa mitaa ya Melbourne na Sydney, na baadaye likageuzwa sifa. Shujaa wao mkuu wa ngano ni Ned Kelly, jambazi aliyejitengenezea deraya ya chuma, ambaye genge lake liliua polisi watatu mwaka 1878 na ambaye alinyongwa Melbourne mwezi Novemba 1880. Nchi nyingi zina majambazi waliogeuzwa mashujaa, lakini si nyingi zinazomweka mtu wa namna hiyo katikati ya hadithi ya taifa.

Sasa tazama sheria zao. Mwaka 1970 jimbo la Victoria lilikuwa la kwanza duniani kulazimisha watu wafunge mikanda ndani ya magari. Mwaka 1990 jimbo hilo hilo likawa la kwanza kulazimisha waendesha baiskeli wote wavae helmeti. Mwaka 2012 Australia ilikuwa nchi ya kwanza kufuta nembo na rangi za kampuni kwenye pakiti za sigara. Baada ya mtu mmoja kuua watu 35 huko Port Arthur mwaka 1996, serikali ilinunua na kuharibu bunduki zaidi ya 600,000, na wenye bunduki, wakiwemo wakulima walionung'unika sana, walizipeleka. Mwezi Desemba 2025 ilianza kutumika sheria inayozuia watoto chini ya miaka 16 kuwa na akaunti kwenye mitandao mikubwa ya kijamii.

Upigaji kura nao ni wa lazima tangu mwaka 1924. Katika uchaguzi wa mwaka 1922 walijitokeza chini ya asilimia 60 ya waliojiandikisha. Mwaka 1925, sheria ilipotumika mara ya kwanza, wakapita asilimia 91. Asiyepiga kura bila sababu hutozwa faini ya dola 20 tu katika uchaguzi wa shirikisho, kiasi kisichomtisha mtu mwenye kazi, lakini watu huenda. Uchaguzi hufanyika Jumamosi, vituo vingi viko shuleni, na wazazi huchoma soseji langoni ili kuchangisha fedha za shule. Soseji hiyo ya uchaguzi, «democracy sausage», ilitangazwa na kituo cha utafiti wa kamusi ya taifa kuwa neno la mwaka 2016. Nadhani hakuna kitu kinachowaeleza Waaustralia vizuri kuliko hicho: wajibu wa kisheria, ulio na faini, unaotekelezwa kwa amani na kitunguu cha kukaanga juu yake.

Je, ni unafiki? Sidhani. Kinachodharauliwa katika utamaduni huo ni mtu anayejikweza. Waziri atataniwa mbele ya kamera, tajiri anayejionyesha atakatwa maneno, na aliyefanikiwa hutakiwa azungumze kama vile alibahatisha. Sheria, kwa upande wake, haijikwezi. Inamhusu kila mtu sawasawa, na kwa hiyo haigusi kidonda hicho. Historia nayo inachangia. Makoloni yale yalianzishwa na serikali, yakajengwa na serikali, na reli, bandari na maji vikaletwa na serikali katika nchi kubwa ambamo mfanyabiashara binafsi asingethubutu. Watu waliokulia katika hali hiyo walizoea kuitegemea dola iwatatulie matatizo huku wakiwacheka wanaoiongoza.

Kuhusu pombe nitasema machache. Bob Hawke, aliyekuwa Waziri Mkuu kuanzia 1983 hadi 1991, alijulikana dunia nzima kwa rekodi yake ya kunywa bia kwa kasi alipokuwa mwanafunzi wa Oxford. Kisichosimuliwa sana ni kwamba aliacha pombe mwaka 1980 na akatawala nchi bila kuionja. Unywaji wa wastani nchini humo ulifikia kilele katikati ya miaka ya 1970, na kwa miongo kadhaa majimbo makubwa yalikuwa yakifunga baa saa kumi na mbili jioni kwa amri ya sheria. New South Wales haikuachana na utaratibu huo hadi 1955, na Victoria hadi 1966.

Kinachoua na kinachotisha

Nyoka wa Australia ni wenye sumu kali kweli, na buibui wake pia. Lakini wanaokufa kwa kuumwa na nyoka ni kama watu wawili kwa mwaka katika nchi nzima, na tangu dawa ya kuzuia sumu ya buibui hatari wa Sydney ilipoanza kutumika mwaka 1981 hakuna kifo kilichothibitishwa kutokana na buibui huyo. Farasi na ng'ombe huua watu wengi zaidi, bila kupewa hata filamu moja. Mamba wa maji chumvi wako kaskazini tu, mbali na wanakoishi watu wengi. Mnyama anayemsumbua mkazi wa kiunga ni ndege mweusi na mweupe aitwaye «magpie», ambaye kila majira ya kuchipua hulinda kiota chake kwa kuwashambulia wapita njia kutoka nyuma. Waendesha baiskeli huchomeka vifungo vya plastiki kwenye helmeti zao vikasimama kama miiba ya nungunungu ili kumfukuza.

Muuaji mkubwa ni jua, ambalo ndilo hasa linalouzwa kwenye matangazo. Australia iko miongoni mwa nchi zenye viwango vya juu kabisa vya saratani ya ngozi duniani, na aina ya melanoma peke yake huua zaidi ya watu elfu moja kila mwaka. Mwaka 1981 ilianzishwa kampeni ya kuwahimiza watu wavae shati, wapake losheni na wavae kofia, na shule nyingi za msingi hazimruhusu mtoto asiye na kofia acheze juani. Yule kijana wa pwani mwenye kifua wazi na ngozi ya shaba amekuwa, kwa madaktari wa ngozi, mgonjwa anayesubiriwa.

Wanyama hao ndio mahali pa kuwaona Waaustralia wakitengeneza taswira yao kwa mikono yao wenyewe. Mtalii huambiwa, kwa uso mkavu kabisa, ajihadhari na «drop bear», mnyama mla nyama anayefanana na koala anayewaangukia watu kutoka juu ya miti. Mnyama huyo hayupo. Lakini Jumba la Makumbusho la Australia huko Sydney limemwandikia maelezo rasmi, pamoja na jina la kisayansi la kubuni.

Waliokosekana kwenye picha

Mpaka hapa nimezungumzia taswira inayochekesha. Kuna sehemu yake isiyochekesha, nayo ni kwamba mtu wa kwenye tangazo karibu siku zote alikuwa mwanamume mweupe. Hilo halikuwa bahati mbaya ya mpiga picha. Sheria ya uhamiaji ya mwaka 1901 iliruhusu ofisa wa bandari kumpa mgeni imla katika lugha yoyote ya Ulaya aliyoichagua ofisa mwenyewe, na asiyefaulu alizuiwa kuingia. Waasia na Waafrika waliondolewa kwa njia hiyo bila rangi zao kutajwa. Mwaka 1934 mwandishi Egon Kisch, ambaye serikali ilimwogopa kwa siasa zake, alipewa imla ya Kigaeli cha Scotland kwa sababu alijua lugha nyingi mno. Mahakama Kuu ikaamua kwamba mtihani huo haukufaa. Imla ilifutwa mwaka 1958, na mabaki ya sera hiyo ya kuwazuia wasio wazungu yakafutwa mwaka 1973.

Hata nyika ile ya kwenye filamu haikufunguliwa na wazungu peke yao. Kuanzia miaka ya 1860 hadi magari yalipowapokea, mizigo ya ndani ya nchi ilibebwa na ngamia walioongozwa na Waislamu kutoka Afghanistan na nchi ambazo leo ni Pakistan na India, waliojenga misikiti jangwani na wengine wakaoa wanawake wa asili. Treni ya kutoka Adelaide hadi Darwin inaitwa «The Ghan» kwa kuwakumbuka. Na kabla ya wote hao walikuwapo Waaborijini, ambao katika sensa ya 2021, pamoja na wenyeji wa visiwa vya Torres Strait, walikuwa watu zaidi ya 800,000.

Sensa hiyo hiyo ilionyesha kwamba zaidi ya robo ya wakazi walizaliwa nje, na karibu nusu wana angalau mzazi mmoja aliyezaliwa nje. Nchi walizotoka wengi zaidi ni England, India, China, New Zealand na Ufilipino. Waafrika ni wachache zaidi lakini wanaonekana, na wao wamepewa taswira yao wenyewe: kati ya mwaka 2016 na 2018 magazeti na wanasiasa waliisema Melbourne kana kwamba imetekwa na magenge ya vijana wa Kiafrika, na lawama ziliwaangukia hasa Wasudani Kusini. Katika kipindi hicho hicho, mwaka 2017, Lucy Gichuhi, mzaliwa wa Kenya, aliapishwa kuwa seneta wa Australia Kusini. Shirika la umma la utangazaji la SBS lina idhaa ya Kiswahili, kwa ajili ya watu waliofika kutoka Kongo, Burundi, Kenya na Tanzania, baadhi yao wakiwa wamepitia makambi ya wakimbizi ya Kakuma au Nyarugusu.

Mabadiliko haya yamefika hadi kwenye misimu, na hapa ndipo ilipo hai kuliko mahali pengine popote. Kiingereza cha Waaborijini kimewapa vijana wa nchi nzima «deadly» kwa maana ya kitu bora sana, na «gammon» kwa maana ya jambo la uongo au la kujifanya. Hilo la pili lilikuwa neno la wezi wa London lililokuja na meli za wafungwa, Waaborijini wakalihifadhi wakati wazungu walipolisahau. Magharibi ya Sydney, kwenye viunga vya Walebanoni, Wavietnamu na watu wa visiwa vya Pasifiki, vijana wasiojua Kiarabu hata kidogo huapa kwa «wallah» na kuitana «habib», maneno ambayo mtu wa Mombasa au Unguja hahitaji kutafsiriwa. Walimu wengi hulisahihisha neno hilo la kiapo kama Kiingereza kibaya, na vijana huendelea kulitumia mara tu wanapotoka darasani, pamoja na «arvo» na «servo», katika sentensi moja.